Mlango kwa Mlango

Jumatano moja, saa moja kasorobo asubuhi, msafishaji wa jengo la zamani la abiria alijaza ndoo maji, akatia kifuniko kimoja cha sabuni, akaitua katikati ya ukumbi wa kuondokea. Maji yakajikusanya upande mmoja. Upande wa pili wa ndoo ukabaki mkavu kiasi cha vidole viwili. Aliitazama kidogo, kisha akachovya dekio, akakamua na kuanza kazi, kwa sababu maji yaliyoinama yanadeki sawa na maji yaliyotulia.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Shirika kubwa la ndege, ambalo peke yake lilileta abiria tisa katika kila kumi wa kiwanja kile, lilikuwa limehamia jengo jipya la vioo ng'ambo ya maegesho ya ndege, na mashirika madogo yakalifuata kama vifaranga. Orodha ya vitu vya kuhamishwa ilikuwa na kurasa kumi na nne. Zilihama kaunta, zikahama mizani za mizigo, saa za ukutani na viti vya ngozi. Ilihama mimea sita ya plastiki, kila mmoja umefungwa blanketi, katika gari lake la peke yake. Wasafishaji hawakuwemo. Mkandarasi wao alikuwa ameingia mkataba wa jengo, si wa shirika, na mkataba ulisema sakafu idekiwe mara mbili kwa siku mpaka mwisho wa mwaka. Wenzake kumi na wawili waliondoka mmoja mmoja kutafuta riziki kwingine. Yeye alibaki, na akabaki na mzee wa kukusanya troli, ambaye wote walimwita Breki kwa kuwa troli zake hazikuwa nazo.

Miaka ishirini na miwili ya kudeki ilikuwa imemfundisha miguu ya watu. Mtu wa dekio haangalii nyuso, hana nafasi hiyo. Alijua miguu ya anayekwenda kwa siku tatu na miguu ya anayekwenda asirudi. Alijua kwamba watu wote, bila kuambiana, huagana karibu na nguzo ya tatu, na sakafu ya hapo ilikuwa imelika ikawa kama sahani. Mara nyingi alikuwa amewazunguka watu waliokumbatiana, dekio likipita taratibu pembeni ya viatu vyao, akiokota karatasi walizofutia machozi. Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kumuaga mtu pale. Sasa alikuwa na wa kumuaga. Siku kumi na sita mbele, siku ya Ijumaa, binti yake wa pekee angeondoka na ndege ya saa kumi alasiri kwenda nchi ya mbali, kulea wazee wa watu wengine kwa mkataba wa miaka mitatu. Msafishaji aliomba ruhusa ya siku moja, ya kwanza katika miaka minne, akapewa. Alitaka kumkumbatia binti yake mbele ya mlango wa ukaguzi, kama walivyofanya wengine mbele yake miaka yote. Hilo tu, wala halikuwa dogo.

Breki alifika saa moja na nusu, akachungulia ndoo.

"Dada, umekiona kizingiti?"

"Kimefanya nini?"

"Kimebaki."

Wakaenda kuangalia. Kizingiti na zulia la kufutia miguu vilikuwa vimebaki kando ya barabara, mahali pake pa siku zote. Mlango ulikuwa umesogea mbele hatua moja ndefu, na katikati pakaonekana udongo ambao haukuwa umeona jua tangu jengo lijengwe. Jongoo mmoja alikuwa anauvuka bila haraka.

"Linakwenda wapi?" aliuliza msafishaji.

Breki alinyoosha kidevu upande wa maegesho ya ndege, kule kwenye vioo vipya. "Linamfuata aliyeliacha."

"Halina haya."

"Mapenzi na haya wapi na wapi, dada."

Walitoa taarifa. Fomu ya kasoro za majengo ilikuwa na visanduku vya nyufa, kuvuja, taa na panya. Breki akaweka alama kwenye "Mengineyo" na kuandika kwamba jengo linatembea. Jibu lilikuja siku ya tatu: taarifa imepokelewa, mtaarifiwa fundi atakapopatikana. Kufikia hapo jengo lilikuwa linakwenda hatua nane kwa siku, polepole, likikokota mabomba na nyaya zake nyuma kama mama aliyetoka mbio huku kanga inaburuzika. Asubuhi walitandika ubao kutoka barabarani mpaka mlangoni. Ubao ulipokuwa mfupi wakatandika mbili. Baada ya hapo wakawa wanatembea tu juu ya udongo, wakifuta viatu kwenye lile zulia lililobaki kabla ya kuondoka, kwa kuwa ndipo lilipokuwa.

Ikaja Jumatano ya pili. Ukuta wa jengo la zamani uliotazama barabara ulikuwa siku zote sehemu ya mpaka wa kiwanja. Huku kulikuwa upande wa barabara, ambako mtu yeyote hupita, na kule kulikuwa upande wa ndege, ambako hapiti mtu bila kibali maalumu. Jengo liliposogea liliacha pengo katika mpaka, na kiwanja cha ndege hakiwezi kuwa na pengo. Saa nne asubuhi mafundi wa uzio walikuja na nguzo na waya, wakaziba pengo lote kutoka kona hadi kona, wakafunga geti dogo na kufuli, wakaondoka. Walifanya kazi safi. Msafishaji na Breki walikuwa ndani, yeye anadeki vyoo, Breki anapanga troli.

Saa kumi jioni walitoka kwenda nyumbani, wakakuta uzio. Ng'ambo yake alikuwa amesimama afisa wa vibali, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa inaumiza macho.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu," alisema msafishaji. "Tufungulie tuwahi gari."

"Mama, hapo mlipo ni upande wa ndege. Vibali vyenu ni vya upande wa barabara."

"Sisi tulikuwa ndani ya jengo. Hatujavuka popote."

"Ninyi hamjavuka. Jengo ndilo limevuka."

Breki alitaka kujua kama jengo lina kibali. Afisa akasema hilo lilikuwa linashughulikiwa. Kisha akaeleza taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemsomea mgonjwa karatasi ya dawa. Kutoka upande wa ndege ni lazima daftari lionyeshe saa uliyoingia. Wao hawakuandikwa kuingia. Sasa mtu ambaye hajaingia, yeye atamtoaje?

"Basi tuandike tumeingia, halafu ututoe," alisema Breki.

"Kuingia kunataka kibali, mzee wangu. Ombi linachukua siku tisini, maana ni lazima mchunguzwe."

"Nimefanya kazi hapa miaka ishirini na miwili," alisema msafishaji.

"Ndiyo, mama. Upande wa barabara."

Aliwaambia pia kwamba mtu akikanyaga udongo wa upande wa ndege bila kibali hukamatwa, hufukuzwa kazi na kufungwa, na kwamba hata pale walipokuwa wamesimama angeomba warudi mlangoni, kwa usalama wao. Wakarudi. Jioni ile aliwaletea mablanketi mawili na chakula katika mifuko. Chakula kilikuwa na kibali. Kilipigwa muhuri getini, kikapita.

Msafishaji hakulala vizuri, wala asubuhi yake hakuwa na uchangamfu. Alimpigia binti yake simu, akamweleza.

"Sasa Ijumaa ya wiki ijayo utakuja, mama?"

"Nitakuja."

"Vipi?"

"Jengo linaelekea huko huko kwenu. Nitakuja nalo."

"Litawahi?"

Msafishaji aliangalia dirishani. Mpaka kwenye jengo jipya zilikuwa zimebaki hatua mia tatu na arobaini. Kwa mwendo wa hatua nane, lingefika binti akiwa ameshamaliza mwezi ugenini.

"Litawahi," alisema.

Afisa ndiye aliyeleta habari ya matumaini, kwa kuwa alikuwa kijana mwema aliyesoma kitabu cha kanuni mpaka mwisho. Alikuja mlangoni na ukurasa alioukunja pembe. Ukurasa ulisema kwamba mtu anayetoka katika mlango wa jengo la abiria na kuingia katika mlango wa jengo lingine la abiria, bila mguu wake kugusa ardhi, huyo hajavuka mpaka wowote. Iliandikwa kwa ajili ya korido za kuunganisha majengo, lakini haikutaja korido.

"Mlango kwa mlango, mama. Jengo lenu likifika na mlango wake ukagusana na mlango wa ukumbi wa kuagia kule, mtapita kama mnavyotoka sebuleni kwenda jikoni. Nitaagiza mlango ule uwe wazi Ijumaa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba. Baada ya hapo siwezi."

"Nashukuru mwanangu."

"Ila lifike."

Siku hiyo msafishaji alideki mara tatu badala ya mbili. Hakuwa na sababu nyingine ila kwamba mikono haikutaka kutulia. Kesho yake asubuhi Breki alipima kwa kamba kutoka mlangoni hadi kwenye alama aliyoichora jana, akapima tena, akaja na kamba yenyewe mkononi.

"Arobaini na tano."

"Arobaini na tano nini?"

"Hatua. Dada, linapenda kupambwa. Linakwenda kwa mwenyewe, halitaki kwenda chafu."

Basi wakalipamba. Katika stoo kulikuwa na madebe matatu ya nta ya sakafu ambayo shirika liliyasahau, au liliyaacha kwa dharau. Msafishaji alipaka nta ukumbi mzima, akaisugua kwa mashine mpaka taa za darini zikaonekana mara mbili. Akafuta vioo, akafuta mikono ya viti vya chuma, akafuta ukuta uliokuwa na nembo ya shirika. Nembo ilishabanduliwa lakini alama yake nyeupe ilibaki palepale, kama alama ya pete kwenye kidole, na yeye akaizunguka kwa uangalifu bila kuigusa. Breki alizing'arisha troli zote sitini na mbili na kuzipanga kwa mistari iliyonyooka kama gwaride. Jengo likaanza kwenda kwa furaha. Alasiri ungeweza kusikia nguzo zikiguna.

"Kazana," msafishaji aliliambia akiwa amepiga magoti. Hakulipenda. Aliliona kama yule shoga yako anayekuomba umsuke nywele amfuate mume aliyekwishaoa kwingine. Lakini alilisuka.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," alisema Breki.

"Wewe panga troli."

Usiku kulala kwao kulikuwa kwenye viti vya chuma, mgongo ukiwa hauna raha. Mchana walitazama nje. Kila upande kulikuwa na udongo ambao haukukanyagika, na nyuma mafundi wa uzio walikuja kila siku ya pili kusogeza nguzo karibu, ili pengo lisionekane. Kwenye simu binti alimsimulia mama kuhusu sanduku, sindano alizochomwa, wenzake wanane watakaosafiri naye. Mama akamwambia avae vile viatu vya kahawia alivyomnunulia, vya kufunga kamba, kwa sababu miguu huvimba angani.

"Mama, wewe hujawahi kupanda ndege."

"Nimewaona wanaoteremka."

Alhamisi saa sita mchana zilibaki hatua thelathini. Zilikuwa hatua za mchana mmoja, hata kwa jengo lililochoka. Mlango wa mbele wa jengo, ule uliotazama ndege, ulikuwa umefungwa tangu shirika lihame, na kwenye kizingiti chake vumbi lilikuwa la kuandikwa jina. Msafishaji alifikiri kwamba hapo ndipo atakapopita kesho kwenda kwa binti yake. Akaufungua, akadeki kizingiti kwa maji mawili, ya sabuni na ya kusuuzia, na alipomaliza akafanya kile alichofanya kila alipomaliza kudeki tangu siku yake ya kwanza kazini. Kisha akaenda kumwaga maji.

Jioni zilikuwa zimebaki hatua thelathini.

Walipaka nta upya. Breki akapanga troli upya, kwa ukubwa. Asubuhi ya Ijumaa hatua zilikuwa thelathini. Saa tatu mlango wa ukumbi wa kuagia ulifunguliwa ng'ambo kama afisa alivyoahidi, na waliweza kuona ndani yake watu wakikumbatiana. Saa nne msafishaji aliona kundi la mabinti tisa wenye masanduku yanayofanana likiingia. Simu ikalia.

"Mama, nakuona. Uko karibu kabisa."

"Nakuja. Ngoja hapo hapo."

Alideki vyoo, akadeki chini ya viti, akadeki hata mlango wa stoo. Alilisihi jengo kwa maneno matamu, kisha akalitukana, akaliambia lina moyo wa jiwe, jambo ambalo lilikuwa kweli na halikulisogeza. Saa sita afisa alikuja na futi yake ya mkanda, akapima, akatikisa kichwa. Saa saba kamili mlango wa ng'ambo ulifungwa. Saa saba na robo binti aliambiwa apite kwenye ukaguzi, yeye na wenzake, akapita akitazama nyuma.

Saa nane kasoro dakika chache Breki alikuwa anasukuma troli moja kuelekea mlangoni, bila kazi maalumu. Alipofika akasimama, kama mtu yeyote angesimama, akakizunguka kitu kilichokuwa kimesimama njiani, akaendelea. Hatua tatu mbele akageuka.

"Dada. Kibao."

Mbele ya mlango, katikati kabisa, uso wake ukitazama nje, kilisimama kibao cha njano chenye picha ya mtu anayeanguka: Tahadhari, sakafu inateleza. Msafishaji alikuwa amekiweka mwenyewe jana. Alikuwa hajakiona tena, kama mtu asivyoiona pua yake.

"Miaka ishirini na miwili," alisema Breki, "jengo linaona watu wote wakikiona hicho wanasimama. Marubani wanasimama. Mawaziri wanasimama. Nalo limesimama."

Msafishaji alikunja kibao, akakibana kwapani. Jengo likapumua, nguzo zikaguna, likaondoka kwa kasi ambayo halikuwa limewahi kuwa nayo, ndoo ikamwagika. Lakini asubuhi shirika huwa kwenye kaunta, karibu na mlango wa ukumbi wa kuagia, na alasiri shirika huwa kwenye chumba cha kusubiria ndege. Jengo halikuwa linafuata mlango, lilikuwa linafuata shirika. Lilipinda kidogo kulia na kwenda moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa kioo wa chumba cha kusubiria, likaweka paji lake pale, kioo kwa kioo, likatulia. Katikati ya vioo hivyo viwili mkono usingepita. Mlango wa ukumbi wa kuagia ulikuwa umebaki kushoto, mbali hatua ishirini za ardhi isiyokanyagika.

Abiria mia na zaidi walikuwa wamekaa. Wachache waliinua macho, wakayarudisha kwenye simu zao. Msafishaji alipiga magoti, kwa mazoea, na kuanza kutafuta viatu vya kahawia. Alipita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Viatu vya kahawia havikuwepo. Akadhani binti ameshaingia ndegeni. Ndipo akaona viatu vyeupe vya raba, vipya, vimesimama vimeegemea ukingo wa nje, kama alivyosimama binti yake tangu alipojifunza kusimama.

Akainua uso. Binti alikuwa mbele yake, simu sikioni.

"Vile vya kahawia vilikuwa vinanibana, mama. Sikutaka kukwambia."

"Hivi vinakutosha?"

"Vinanitosha."

"Basi ni vizuri."

Kioo kilikuwa na ukungu wa vumbi. Msafishaji alichomoa kitambaa mfukoni, akafuta upande wake, akafuta tena, akabaki na vumbi la katikati ambalo halikuwa la mtu. Walitazamana. Binti alisema wazee watakaomsubiri ni wawili, mke na mume, na kwamba wana bustani. Mama akasema ale vizuri. Alitaka kusema mambo mengine mengi, na aliyajua yote, lakini mtu huyasema hayo mdomo ukiwa begani kwa mwenzake, hayasemeki kwenye simu. Wakaitwa wenye watoto wadogo kwanza. Wakaitwa wazee. Kisha wakaitwa wengine, na viatu vyeupe vikaingia kwenye foleni, vikageuka mara mbili, vikaenda.

Msafishaji alilia bila kujificha, mikono yote miwili ikiwa kwenye dekio. Breki alitazama troli zake. Baadaye alimletea moja ya zile karatasi za kufutia machozi, kutoka chooni.

"Kibao changu," alisema msafishaji. "Ningekitoa jana tungepita."

Breki angeweza kutaja uzio. Angeweza kuutaja mkataba, ile orodha ya kurasa kumi na nne, na mimea ya plastiki iliyofungwa blanketi. Aliwaza hayo yote, akaona hayatamrudisha mtu ardhini.

"Ndiyo dada," alisema. "Kibao."

Hata afisa alipopita jioni alimwambia vivyo hivyo. Pole sana mama, ungekiondoa mapema. Alisema kwa huruma, naye msafishaji akamshukuru.

Wiki iliyofuata shirika lililalamika kwamba abiria wake hawapendi kukaa wakitazamwa na jengo chakavu. Likabandika bango ndani ya kioo chote cha chumba cha kusubiria. Lilikuwa na picha ya familia inayocheka, na maneno makubwa: Hatumwachi mtu nyuma. Kutoka upande wa jengo la zamani yalisomeka kinyumenyume. Karatasi ilipunguka kidogo chini, ukabaki upenyo wa viganja viwili juu ya sakafu, nao hawakuona haja ya kuuziba.

Siku hiyo hiyo afisa alileta fomu mpya. Uongozi ulikuwa umekaa na kuamua. Kitu chochote kinachotembea upande wa ndege ni chombo, na chombo ni lazima kiwe na namba na taa. Mafundi wakapanda darini, wakafunga taa ya njano inayozunguka, wakapaka namba ukutani. Jengo halikupinga.

"Na sisi?" aliuliza Breki.

"Ndani ya chombo kuna madereva, kuna abiria, kuna vifaa," alisema afisa. "Mna leseni, mzee wangu?"

"Hatuna."

"Mna tiketi?"

Hawakuwa nazo. Afisa akatazama chini, maana alikuwa na adabu. Aliwaeleza kwamba lile ombi la siku tisini alilowapelekea limefutwa, kwa kuwa vifaa haviombi kibali. Chakula kitaendelea kupita. Kisha akampa msafishaji orodha aikague na kutia sahihi, kwani yeye ndiye aliyelijua jengo. Aliisoma mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Viti vya chuma, mia moja na arobaini. Troli, sitini na mbili. Msukuma troli, mmoja. Msafishaji, mmoja. Ndoo, tatu. Vibao vya sakafu inayoteleza, vinne.

Kidole kikasimama.

"Hapa mmekosea," alisema.

Afisa aliinua macho haraka, na kwa kitambo kidogo uso wake ulionekana kama wa mtu anayetumaini kitu.

"Vibao ni vitatu. Kimoja kilivunjika mwaka juzi."

Afisa akarekebisha. Msafishaji akatia sahihi.

Binti alipiga simu Jumapili, kutoka mbali. Alisema kuna baridi, na wale wazee ni wapole, ila yule bibi humwita kwa jina la mtu mwingine. Akauliza kama mama ametoka.

"Niko kazini," alisema mama. "Mkirudi huwa mnateremkia wapi? Mnapita chumba kile kile?"

"Nadhani tunapita humo humo, mama, kando ya kioo."

"Basi siku hiyo pita karibu na kioo. Vaa vile vyeupe."

"Miaka mitatu vitakuwa vimechakaa."

"Nitavijua."

Tangu kufika pale jengo lilikuwa limepata tabia mpya. Kila ndege ya shirika iliporuka, lilitetemeka na kutaka kuigeukia, likiinua ukingo mmoja kama mbwa anayesikia mlango wa geti. Breki alikuwa ameshapima: lilikuwa limejitenga na kioo upana wa kidole. Msafishaji alijaza ndoo, akatia kifuniko kimoja cha sabuni, akadeki kizingiti cha mlango wa mbele kwa maji mawili. Akachukua kibao cha njano, akakikunjua, akakisimamisha katikati kabisa, uso wake ukitazama nje.

"Hapa hapa," aliliambia jengo.

Ndege ya saa kumi ikapaa. Jengo likatetemeka, likakiona kibao, likatulia. Msafishaji akamwaga maji, akaigeuza ndoo na kuikalia mbele ya kioo. Akainama mpaka macho yakawa sawa na ule upenyo wa chini, akaanza kuangalia miguu.